Neno Moja la Don Abdón

Kiharusi kilimkuta Don Abdón shambani, kati ya mistari ya miti ya matunda damu, na kilipoondoka kilikuwa kimechukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote isipokuwa moja. Mkono na mguu mtu huweza kuzoea kuvikosa. Lakini Abdón alikuwa msemaji. Kijiji kizima cha San Isauro kilijua kwamba ukikutana naye njiani asubuhi ukafanya kosa la kumjulia hali, saa ya chakula cha mchana itakukuta papo hapo umesimama. Sasa Mungu, au damu iliyoganda kichwani, yeyote aliyehusika, alikuwa amemwachia neno moja tu, na halikuwa neno la kuombea maji wala la kumwita mke. Lilikuwa jina la ndege. Filomena.

Filomena alikuwa tororoi mkubwa, ndege anayekaa chini kwenye giza la msitu wa ukungu, mviringo kama chungu, miguu mirefu myembamba, mgongo wa rangi ya udongo na kifua cha rangi ya kutu. Watu wa San Isauro walizaliwa, wakazeeka na wakazikwa bila kumwona, wakisikia tu mlio wake ukitetemeka kule bondeni. Abdón alimwona kwa bahati siku alipokuwa akichimba mtaro. Ndege alitoka kichakani, akaokota nyungunyungu aliyefukuliwa na jembe, akaenda zake bila kuaga. Kesho yake akarudi. Abdón akaanza kumchimbia nyungunyungu na kumwita, na kwa watu wa milima ile huwezi kuita kitu, kiwe ng'ombe au trekta, bila kukipa jina la Kikristo. Kama Filomena alikuwa jike au dume hakuna aliyejua, maana tororoi wote wanafanana. Abdón alishikilia kwamba ni jike, kwa sababu ukimwita lazima akucheleweshe. Targelia, mkewe, alisema ni dume, kwa sababu haonekani mpaka chakula kiwe tayari.

Wengine walijaribu kumwita wakashindwa. Klever, mume wa binti yao, ambaye alikuwa amesomea kazi ya kuongoza wageni na alikuwa na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, alimwita mpaka sauti ikakauka. Filomena alisikia sauti moja tu. Abdón akisimama bondeni na kulivuta lile jina mwishoni, "Filomeeena," majani yalitikisika na ndege akaja akirukaruka njiani kama mtu aliyeitiwa simu.

Habari zilisambaa, wageni wakaanza kuja. Walikuwa watu waliokwisha kuwaona jagwa kwenye mabwawa ya Brazili, kondori juu ya mabonde ya Peru, nyangumi kwenye pwani za baridi kule kusini, na bado walikuwa tayari kushuka bonde la San Isauro kwa matako ili wamtazame ndege mmoja akila minyoo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumba ikapata bati jipya, na Targelia akapata jiko ambalo halimtoi machozi.

Abdón aliwawekea masharti mawili. La kwanza, Filomena akitokea hakuna kusema, na mwenye kutaka kukohoa ameze kikohozi chake. La pili, ndege wa msituni hulishwa msituni. Hakumruhusu mtu kumwaga hata mnyoo mmoja karibu na nyumba, kwa kuwa uwanjani mwewe huona kila kitu, mbwa wa majirani hupita watakavyo, na tororoi akiwa mahali peupe hana akili ya kujificha. Kwa sababu hiyohiyo hakufuga paka. Haya yote aliyasema mara nyingi, na wote waliyasikia kama walivyosikia mengine yote aliyoyasema, yaani hakuna aliyesikiliza.

Alipotolewa hospitali ya Quito walimweka kwenye kiti barazani, na kitu cha kwanza alichotaka kilikuwa maji. Alilichagua neno maji, akalibeba kwa uangalifu mpaka kwenye ulimi, akafungua kinywa. "Filomena," kinywa kikasema, wazi kabisa, kwa sauti ileile ya zamani. Targelia alilia kwa furaha. Daktari alikuwa amemwonya kwamba wagonjwa wa aina ile wengine hubaki na kipande cha sala, wengine hubaki na tusi, na tusi hilo hulitumia hata kwa padri. Jina la ndege lilikuwa afueni.

Basi likawa neno la kila kazi. Akisikia baridi, Filomena. Mguu ukimuuma, Filomena. Akitaka kwenda haja, Filomena, na hilo Targelia alijifunza kulitambua upesi. Ndani ya kichwa maneno yote yalikuwepo, yamejipanga, hata mizaha yake ya zamani ilikuwepo. Alikuwa yuleyule Abdón, amefungiwa ndani ya nyumba yenye mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa na jina la mtu mwingine.

Sauti ile ilifika bondeni. Asubuhi moja aliita aletewe blanketi, na chini ya miti ya forosadi, pale msitu unapoishia, Filomena akatokea. Alisimama kidogo, akaukata uwanja mzima akirukaruka, akafika kwenye ngazi ya baraza na kusimama kwa mguu mmoja akisubiri nyungunyungu. Moyo wa Abdón ulifurahi kwanza, tusimsingizie. Alikuwa hajamwona tangu augue, na alikuwa amemkumbuka kuliko ndugu zake kadhaa. Kisha akaangalia juu, akaona jinsi mbingu ilivyokuwa wazi juu ya mgongo ule mdogo wa udongo, na furaha ikaisha.

Targelia alikuja na blanketi, akamwona ndege, akapiga ishara ya msalaba. Jioni Klever alipoelezwa hakulala kwa mipango. Kuna wageni wengi, alisema, wenye magoti mabovu wasioweza kushuka bondeni. Sasa watakaa barazani wakinywa chai ya mchaichai yenye sukari guru, na ndege atawafuata. Klever hakuwa mchoyo wala mjinga. Dawa za baba mkwe wake zilikuwa ghali, na tangu kiharusi wageni walikuwa wameacha kuja kwa kuwa hapakuwa na wa kuita. Alichuchumaa mbele ya kiti, akamshika mzee goti, akamweleza kwa heshima zote.

"Baba mkwe, wewe huna haja ya kuhangaika. Utakaa hapa hapa, utasema neno lako, basi. Mengine niachie mimi."

Abdón alimjibu kwamba haiwezekani, kwamba ndege atakufa pale uwanjani, kwamba afadhali wauze ng'ombe. Alimjibu kwa maneno mengi na kwa hasira, na yote yalipotoka nje yalikuwa Filomena, Filomena, Filomena.

"Umemsikia, mama?" Klever akamwambia Targelia. "Amekubali."

Na Filomena naye, aliyekuwa akilala mahali fulani pembezoni mwa shamba siku hizo, alitoa mlio wake wa kuitikia.

Kizuri hakikosi ila. Panya walikuwa wameingia ghalani, kwa sababu mtega panya wa nyumba ile alikuwa Abdón na sasa Abdón hawezi kutega hata nzi. Walitoboa magunia ya mahindi, wakakojolea unga. Targelia alivumilia, kisha akaenda kwa shoga yake wa ng'ambo ya mto na kurudi na paka kwenye kikapu, paka wa kijivu, kijana, mwembamba. Abdón alipomwona alisema kwa muda mrefu sana. Alitetemeka mpaka mate yakamtoka.

"Hapana, mzee wangu," Targelia alimwambia, akimpangusa kidevu. "Huyu siye Filomena. Huyu ni paka. Sema na mimi: paka. Filomena ni yule mwingine."

Alisema naye kama na mtoto wa kunyonya. Yeye Abdón, aliyemfundisha mwanamke huyu majina ya ndege wote wa bonde lile. Aligeuza uso ukutani, na Targelia akadhani ana usingizi.

Si kwamba Targelia hakufikiria. Asubuhi za wageni alimfungia paka ghalani, na mlango aliutia komeo. Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Wageni walikaa barazani, Abdón akahisi kiu au uchovu au hasira, neno likatoka, ndege akaja. Wageni walimbusu mzee mashavuni. Mmoja alimwandikia Klever kwamba katika safari zake zote, kuanzia majangwa ya chumvi mpaka barafu za kusini, hajaona upendo kama wa mzee yule na ndege wake. Klever aliwasomea barua kwa sauti. Abdón aliisikiliza akitazama uwanja.

Ila alikuwa na siri yake. Dada mmoja wa zahanati aliyekuja kumfundisha kusema alimwonyesha kwamba herufi nyingine huanzia midomoni, si kooni, na kwamba afunge midomo, asubiri, aiachie taratibu. Abdón alichagua neno moja la kufanyia kazi. Hakuchagua maji wala Targelia, na kwa hilo aliona aibu kidogo. Alichagua paka. Targelia akienda kufua, yeye barazani alifunga midomo, akasubiri, akaachia. Kwa siku nyingi ilitoka pumzi tupu. Kisha siku moja ikatoka pa. Pa, kamili, yenye sauti. Alitazama huku na huku kama mwizi. Akairudia, pa, na machozi yakamtoka. Hakumwonyesha mtu. Alitaka alikamilishe kwanza, amwite Targelia, amtazame usoni amwambie paka, na Targelia aelewe. Aliamini kwamba akielewa hilo moja, ataelewa yote.

Siku yenyewe ukungu uliondoka mapema. Wageni walikuwa wachache, watu wazima, na kati yao mama mmoja mzee sana aliyepandishwa barazani kwa kushikwa mikono miwili. Klever alisema kwa mnong'ono kwamba mama huyu amemtafuta tororoi mkubwa katika safari zake zote na hajawahi kumwona. Viti vilipangwa. Kamera zilisimamishwa juu ya miguu yake mitatu. Klever aliweka nyungunyungu juu ya jiwe bapa katikati ya uwanja, karibu na maua ya hortensia ambayo Targelia aliyapenda na kuyaacha yakawa kichaka. Mgeni mmoja aliuliza choo kiko wapi, akaelekezwa nyuma ya nyumba, akaenda, akarudi. Njiani alikuwa amefungua mlango usio wake, akaona magunia, akaurudishia. Komeo hakulijua.

Filomena alitokea mwenyewe kabla ya kuitwa. Alisimama chini ya forosadi, nusu kivulini, akageuza kichwa upande na upande. Darubini zote zikaelekea huko. Mama mzee aliweka kiganja kinywani. Klever alinyoosha kidole juu, ishara ya ukimya, sharti la Abdón mwenyewe.

Abdón peke yake hakuwa akiangalia msitu. Kiti chake kilikuwa pembeni, na kutoka pale aliona chini ya hortensia, kati ya mashina, kitu cha kijivu kilichojilaza tumbo chini. Mkia wake ulitikisika nchani.

Alipiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima. Klever akamwekea kiganja begani. "Taratibu, mzee," akamnong'oneza. "Bado kidogo." Abdón alipiga tena. Mgeni mmoja aligeuka akatabasamu, akarudisha macho kwenye darubini. Ndipo Abdón akapeleka mkono kwenye kikombe cha chai kilichokuwa juu ya kistuli na kukisukuma, kikaanguka sakafuni, kikavunjika.

Filomena alishtuka. Akageuka, akarukaruka hatua chache kurudi msituni. Barazani wakaguna kwa masikitiko, mama mzee akafumba macho. Ndege alikuwa tayari nusu ndani ya majani. Kama Abdón angenyamaza hapo, yangekwisha, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini neno lilikuwa limekwisha kupanda. Alikuwa amefunga midomo, amesubiri, na aliisikia pa ikiwa tayari, nzima, na nyuma yake ka. Alikuwa na hakika kuliko siku zote. Miezi yote ile bila kumwambia mtu kitu, na sasa alikuwa na kitu cha kumwambia kila mtu, na neno lake analo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Abdón alivuta pumzi, akakusanya nguvu zake zote, za mkono uliokufa na mguu uliokufa, akapaza sauti.

"Filomeeena!"

Halikuwahi kutoka vizuri vile, hata enzi za uzima wake. Liliuvuka uwanja, likagonga msitu, likarudi. Na yule ndege, aliyefundishwa na mtu huyu, kwa minyoo na uvumilivu, kwamba sauti ile haina hila, aligeuka akaja mbio. Alikuja moja kwa moja, njia ya mkato, akipita ubavuni mwa hortensia.

Haikuchukua muda. Wageni walifikiri ni majani yamepeperuka. Mama mzee ndiye aliyepiga kelele kwanza, kisha Klever akaruka ngazi, Targelia akatoka jikoni na ufagio, na paka akapata vipigo viwili vya haki kabla hajaangusha alichokishika na kukimbilia bondeni. Klever alipoinua kile kitu kutoka majanini, shingo yake ilikuwa laini. Alisimama nacho mkononi asijue pa kukiweka, mbele ya watu wote wale na kamera zao, akaanza kulia kama mtoto, na kitambulisho chake shingoni.

Abdón alikuwa bado anaita. Hakuweza kuacha. Alisema paka, alisema sikumaanisha, alisema nilikuwa nawaambia ninyi. Filomena, Filomena, Filomena. Wageni walitazama chini. Walikuwa watu wema, na waliona mzee anamwita ndege wake aliyekufa, na hakuna aliyeweza kustahimili. Waliondoka kabla ya chakula.

Targelia alipiga magoti kati ya vigae vya kikombe, akamshika mumewe uso kwa mikono miwili.

"Najua," alimwambia. "Ulimwona anakwenda, ukataka arudi. Ungefanya nini? Mtu humwita anayempenda. Si kosa lako, mzee wangu. Umesikia? Umemwita tu."

Alitikisa kichwa, hapana, hapana. Targelia alimkumbatia kichwa kile kisitikisike tena, akambembeleza mpaka akatulia. Wakati mwingine huruma ya mtu humfungia mwenzake mlango kuliko ukali wake. Abdón alijua kwamba mkewe amemsamehe kitu ambacho hakukifanya, na kwamba kile alichokifanya hatakijua mpaka wote wawili wamezikwa.

Walimzika Filomena chini ya forosadi. Paka hakurudi nyumbani. Shoga wa ng'ambo ya mto alisema hajamwona, na Klever alikuta nyayo zake bondeni, karibu na maji.

Haukupita muda mrefu Klever akaja barazani akipumua kwa haraka, uso umechangamka kwa mara ya kwanza. Alikuwa amemwona tororoi mwingine pembezoni mwa uwanja, mdogo, bado ana madoa ya utoto kichwani. Mtoto wa Filomena, alisema, nani mwingine? Ndiyo maana Filomena alikuwa akiondoka na minyoo mdomoni bila kuila. Huyu amekua akiisikia sauti ya mzee tangu ndani ya yai, ataijia tu. Targelia alifunga mikono kifuani akamshukuru Mungu, akasema tusimpe jina jipya, tumwite Filomena kama mama yake, ili mzee asipate taabu. Wote wawili walimgeukia Abdón wakitabasamu. Walikuwa wamemletea zawadi.

Asubuhi iliyofuata walimtoa na kiti chake, wakakiweka palepale, wakamfunika blanketi magotini. Klever alikwenda kuchimba nyungunyungu. Targelia alikuwa nyuma ya nyumba akikamua ng'ombe, na alikuwa amemwambia kama kila siku kwamba akihitaji kitu amwite.

Chini ya forosadi majani yalitikisika. Ndege mdogo alichungulia, akatazama baraza kwa jicho moja, akasubiri.

Abdón alihisi haja. Mwanzoni ilikuwa ndogo, kisha ikazidi, kisha ikawa maumivu. Alisikia maziwa yakigonga ndoo nyuma ya nyumba, na Targelia akimwimbia ng'ombe. Sauti moja tu ingetosha. Alifunga midomo, akaibana kwa vidole vya mkono wake mzima, akaishikilia hivyo. Ndege alitoka hatua moja, akasimama. Abdón hakukohoa, hakupumua kwa nguvu. Joto lilipoanza kumshuka mapajani na kuloanisha blanketi alifumba macho tu, na mkono hakuuondoa kinywani. Alipoyafumbua, chini ya forosadi hapakuwa na kitu.

Targelia alirudi na ndoo, akaona maji yanavyochuruzika kutoka kwenye kiti mpaka ngazini. Akaweka ndoo chini. Akamtoa mkono kinywani, kidole kimoja kimoja, maana alikuwa amekibana sana.

"Kwa nini hukuniita, mzee?" akamuuliza. "Nilikuwa hapo tu. Kwa nini hukuniita?"